KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Wahenga walionena kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kuiona kompyuta hata siku moja, lakini naapa kwamba walikuwa wakinizungumzia mimi. Mpenzi msomaji, tega sikio nikusimulie jinsi nilivyomtia mwenzangu matatani bila hatia, na jinsi mstari mmoja tu wa maandishi ulivyoniumbua mbele ya mwalimu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 24 Februari 2026. Jarida hili unalolishika mkononi lilitakiwa kufika kwa mpiga chapa siku ya Ijumaa. Mimi, mhariri wenu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, nilikuwa nimejaa kiburi cha kazi kama kuku aliyetaga yai la kwanza. Insha zilikuwa zimekwisha kupigwa chapa kwenye kompyuta, mashairi yamepangwa, vitendawili vimehesabiwa. Kilichobaki kilikuwa kupitia kurasa mara ya mwisho.

Kabla sijaendelea, yafaa nikueleze kuhusu kompyuta yenyewe. Mashine za maabara yetu ni za zamani. Microsoft ilipoacha kuitolea Windows 10 masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine zetu hazikuwa na uwezo wa kuipokea Windows 11. Fundi wa maabara, ambaye sote tunamwita Mjomba, hakulia wala hakuomba pesa. Likizo ya Desemba alijifungia humo ndani, na tuliporudi shuleni tukakuta mashine zote zimewekwa Linux, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Ufini. Mfumo huo hautozwi hata senti.

Jambo linalomshangaza mgeni wa Linux ni kwamba mfumo ni mmoja lakini sura ni nyingi. Katika kompyuta ya chama chetu Mjomba aliweka sura tatu, ili tujifunze. Unapotaka kuingia, kuna kijialama cha kuchagua sura unayoitaka: KDE Plasma, Xfce au GNOME. KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Xfce nayo ilianzishwa mwaka huo huo na Olivier Fourdan. GNOME ikafuata mwaka 1997, waanzilishi wake wakiwa Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wawili wa Mexico. Mimi huchagua Xfce kwa sababu ni nyepesi na haina madoido. Wengine hupenda Plasma kwa rangi na urembo wake. Akaunti yetu ni moja, nywila ni moja, na faili zetu zote zimo katika folda moja. Kila mwanachama huandika jina lake na saa yake katika daftari lililo mlangoni. Kumbuka daftari hilo, msomaji. Litarudi.

Basi Jumanne hiyo nikaketi, nikachagua Xfce yangu, nikafungua folda ya jarida, nikaibofya faili kuu mara mbili. Badala ya kurasa zetu tamu, likajitokeza dirisha nisilolijua, na ndani yake orodha ya mambo ya ajabu: content.xml, styles.xml, mimetype, META-INF, Pictures. Hakukuwa na insha wala shairi. Nikaifunga, nikaibofya tena. Yale yale. Nikajaribu faili ya mashairi. Yale yale! Jasho jembamba likanitiririka, moyo ukaanza kunidunda kama ngoma ya arusi.

"Wee! Jarida limekufa!" nikapiga ukelele, na maabara nzima ikanigeukia.

Nikakimbilia daftari la mlangoni. Jina la mwisho, la Jumatatu jioni, lilikuwa la kijana mmoja wa Gredi ya 10, mwanachama mpya. Sitamtaja kwa jina. Amekwisha kutajwa vya kutosha. Kijana huyu alikuwa na sifa ya kupenda kugusagusa. Leo amebadilisha picha ya nyuma ya skrini, kesho amekuza herufi, kesho kutwa ameihamisha menyu kutoka chini hadi juu. Isitoshe, yeye ndiye shabiki mkubwa wa Plasma. Nikaona ushahidi umetimia, kesi imekwisha. Nani mwingine?

Nilimkuta karibu na mabomba ya maji akiosha sahani.

"Wewe! Umeifanyia nini kompyuta ya chama?"

"Mimi, Dada? Sijafanya kitu. Nilikuwa natafuta vina vya shairi langu tu."

"Faili zote zimeharibika! Zimegeuka vitu havisomeki!"

"Ah, hiyo? Hata mimi jana niliona hivyo nikibofya, nikafikiri ndivyo ilivyo. Ndiyo nikafungua ile programu ya kuandika kwanza, halafu nikaitafuta faili kutoka huko ndani. Ilifunguka sawa tu. Walahi, Dada."

Msomaji, soma tena maneno hayo. Kijana yule alikuwa amenipa dawa na ushahidi kwa pamoja, kwenye kiganja cha mkono, bure. Lau ningekuwa na masikio, habari hii ingekoma hapo. Lakini hasira ni hasara. Nilichosikia mimi ni kwamba amekiri kuwa alikuwapo.

"Kumbe ulijua tangu jana ukanyamaza! Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu mlezi wa chama ni mtu wa haki, lakini siku hiyo alikuwa na mitihani ya kusahihisha na jarida la kupeleka. Alinisikiliza mimi kwa sababu mimi ndiye mhariri, na pia kwa sababu nilisema kwa sauti kubwa zaidi. Akaamua kwamba kijana yule asikanyage maabara wala mkutano wa chama mpaka Mjomba, aliyekuwa safarini hadi Jumatano, arudi na kuchunguza. Shairi lake nalo liwekwe kando kwanza. Kijana hakujitetea. Aliinamisha kichwa akaenda zake, sahani ingali mkononi.

Habari mbaya zina mbawa. Kufikia wakati wa chakula cha jioni bweni la wavulana lilikuwa limekwisha kumpa jina: Virusi. "Virusi, usiniguse!" "Virusi, kaa mbali na uji wangu, utageuka xml!" Walicheka, nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Usiku huo, wakati wa masomo ya jioni, niliomba ruhusa nikaanza kulipiga chapa jarida upya kutoka kwenye karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Niliandika kurasa 11. Vidole viliniuma, macho yakawa mekundu, na kila nilipochoka nilimlaani yule kijana kimoyomoyo ili nipate nguvu. Zile faili "zilizoharibika" nilizikazia macho, nikakaribia kabisa kuzifuta zote. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Labda ni dua ya mama yangu.

Mjomba alirejea Jumatano saa nne asubuhi. Tulikutana maabara: yeye, Mwalimu, mimi, na mshtakiwa amesimama mlangoni kwa kuwa alikatazwa kuingia. Mjomba aliitazama ile orodha ya ajabu, akatabasamu.

"Faili yenu ni nzima," akasema. "Haina hata mkwaruzo."

"Mjomba, nzima vipi? Si unaona?"

"Naona. Faili ya kuandikia ya namna hii, yenye mkia wa .odt, kwa kweli ni mkoba. Ndani yake mna maandishi peke yake, mitindo peke yake na picha peke yake, vyote vimefungwa na kubanwa pamoja. LibreOffice ikiufungua mkoba huu inakuonyesha ukurasa. Programu ya kufungulia mikoba ikiufungua, inakuonyesha vilivyomo. Mkoba ni ule ule. Aliyeitwa kuufungua ndiye aliyebadilika."

Kisha akatufundisha, na somo hilo ningependa kila mwanafunzi wa shule hii alijue. Unapobofya faili mara mbili, kompyuta hujiuliza maswali mawili. Kwanza: hii ni faili ya aina gani? Pili: aina hii nimeagizwa nimpelekee nani? Huyo anayepelekewa ndiye anayeitwa programu chaguo-msingi. Mjomba akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika:

xdg-mime query filetype jarida.odt

Kompyuta ikajibu: application/vnd.oasis.opendocument.text. Hilo ndilo jina rasmi la aina ya faili yetu. Akaandika tena:

xdg-mime query default application/vnd.oasis.opendocument.text

Jibu: engrampa.desktop.

"Ala!" nikasema. Engrampa ndiyo programu ya kufungulia mikoba. Mjomba akaeleza kwamba kila programu ina kadi yake ya kujitambulisha yenye mkia wa .desktop, na nyingi ya kadi hizo hukaa katika folda ya /usr/share/applications. Kadi husema jina la programu, namna ya kuiamsha na aina za faili inazozimudu. Na maagizo ya mwenye akaunti, ya kwamba aina fulani apelekewe fulani, huandikwa katika faili moja ndogo iliyojificha ndani ya folda ya .config, jina lake mimeapps.list. Akaifungua. Chini ya kichwa cha [Default Applications] palikuwa na mstari huu:

application/vnd.oasis.opendocument.text=engrampa.desktop

"Huu ndio ugonjwa wenu wote," akasema Mjomba. "Mstari mmoja."

"Basi ni yeye aliyeuandika!" nikasema, nikimwonyesha kijana kidole. "Si alikuwa huku kwenye Plasma yake akigusagusa?"

Mjomba hakunijibu. Aliandika amri moja fupi, ls -l, inayoonyesha faili ilibadilishwa lini mara ya mwisho. Skrini ikasema: tarehe 19 Februari, 16:40. Yaani Alhamisi iliyotangulia, saa kumi na dakika arobaini jioni. Tangu dakika hiyo hakuna aliyeigusa.

"Mwalimu, tafadhali tuletee daftari," akasema Mjomba kwa upole.

Msomaji, sikuhitaji daftari. Lilipokuwa likifunguliwa nilikuwa nimekwisha kukumbuka. Alhamisi jioni nilitaka kuzitoa picha za safari yetu ambazo mwanachama mmoja alizipachika ndani ya insha yake. Dada yangu aliyeko chuoni aliwahi kuniambia kwamba faili ya .odt ni mkoba na picha zimo ndani. Nikabofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya, nikachagua kuifungua kwa programu nyingine, nikaichagua Engrampa. Chini palikuwa na kijisanduku kilichosema programu hiyo itumike daima kwa faili za aina hii. Nikakitia alama. Kwa nini? Hata sijui. Kilikuwa pale, nami nilikuwa na haraka. Nikatoa picha zangu, nikaondoka. Siku zilizofuata nilikuwa nikiifungua LibreOffice kwanza na kuitafuta faili kutoka ndani, kwa hiyo sikuona lolote mpaka ile Jumanne.

Mwalimu akasoma: "Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja." Akasita. Akalisoma jina langu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kijana wa mlangoni alitazama viatu vyake.

Nikajaribu kujiokoa kwa swali la mwisho. "Lakini Mjomba, mimi nilifanya hivyo nikiwa Xfce. Mbona yeye aliyaona hayo hayo akiwa Plasma?"

"Swali zuri," akasema. "Hizi sura ni kama nyumba tatu zinazochota maji katika kisima kimoja." Akatueleza kwamba mwaka 2000 Havoc Pennington alianzisha mradi wa kuwakutanisha watengenezaji wa sura mbalimbali ili wakubaliane mambo ya pamoja. Leo unajulikana kama freedesktop.org. Jina lake la awali lilikuwa X Desktop Group, na ndiyo maana amri zile huanza kwa herufi xdg. Moja ya makubaliano yao ni hiyo faili ya mimeapps.list: GNOME huisoma, Plasma huisoma, Xfce huisoma. "Ukitia chumvi kisimani ukiwa nyumba moja," akasema, "nyumba zote tatu zitakunywa chumvi."

Tiba ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mjomba aliniachia kiti, nikaandika kwa mkono wangu unaotetemeka:

xdg-mime default libreoffice-writer.desktop application/vnd.oasis.opendocument.text

Nikabofya faili. Jarida letu likafunguka, zuri kama bibi arusi. Kurasa zangu 11 za usiku hazikuwa na kazi tena.

Kwa faida yako wewe unayeogopa dirisha jeusi, kila sura ina mahali pake pa kurekebisha hayo kwa kubofya tu. Katika GNOME nenda kwenye mipangilio, utafute sehemu ya programu chaguo-msingi. Katika Plasma fungua mipangilio ya mfumo, nako utakuta pia sehemu ya kuoanisha aina za faili na programu zake. Katika Xfce liko dirisha la programu chaguo-msingi ndani ya meneja wa mipangilio. Ila usisahau kisima: unachobadilisha katika moja huenda kikaonekana katika zote.

Na je, ukitaka nyumba mbili zitofautiane? Hilo nalo lina njia. Kijana wetu alikuwa anapenda kusoma faili za PDF kwa Okular akiwa Plasma, nasi wengine tukiwa Xfce twatumia Atril. Mjomba alitengeneza katika folda ile ile ya .config faili nyingine iliyoitwa kde-mimeapps.list, akaandika ndani yake kichwa cha [Default Applications] na chini yake mstari huu:

application/pdf=okularApplication_pdf.desktop

Kila sura huanza kusoma faili yenye jina lake, ikiwapo. Isipopata jibu humo ndipo huenda kwenye ile ya wote. Ikikosa humo pia, hufuata maagizo ya mfumo mzima, yaliyo katika /etc/xdg na kwingineko. Kwa Xfce faili hiyo huitwa xfce-mimeapps.list, na kwa GNOME gnome-mimeapps.list. Hivyo kila mtu akapata chake pasipo kumwagia mwenzake chumvi.

Tulipomaliza, Mwalimu aliniambia maneno machache tu: "Ulimshtaki hadharani. Utamwomba radhi hadharani."

Alhamisi asubuhi, kwenye gwaride, nilipewa nafasi. Nilikuwa nimeandika hotuba ndefu yenye methali sita. Nilipofika mbele methali zote zilinitoroka. Nikasema tu kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba yeye alinieleza ukweli nami nikakataa kuusikia, na kwamba nilicheka walipomwita jina lisilo lake. Baadaye nilimfuata kando.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nimekusamehe, Dada," akasema. Akanyamaza kidogo. "Lakini hao wengine, waambie waache kuniita Virusi."

Niliwaambia. Nimewaambia mara nyingi. Wengi wameacha, lakini hata juzi nilimsikia mtu akiliita jina hilo kutoka upande wa pili wa uwanja, naye akageuka kuitika kwa mazoea. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho Mjomba hakunifundisha. Mstari wa mimeapps.list hufutwa mara moja na kompyuta haina kinyongo. Jina nililomsababishia mwenzangu limeandikwa katika vichwa vya watu mia kadhaa, na hakuna amri ya kulifuta kwa pamoja. Inabidi kwenda kichwa hadi kichwa.

Ndiyo sababu nimeiandika insha hii, ingawa inaniaibisha. Shairi lake limo katika jarida hili hili, nawe ukilisoma utaona vina vyake vimelingana sawasawa. Ukikutana naye, mwite kwa jina lililoandikwa chini ya shairi hilo. Na siku utakapobofya faili ikufungukie ndivyo sivyo, usipige ukelele kama mimi. Uliza kwanza ni aina gani, kisha uliza inapelekwa kwa nani, na kabla hujamnyoshea mtu kidole, fungua daftari la mlangoni uone kama jina lililomo si lako.